Sahani ya futari inarudije? Mimi Mkristo, jirani yangu Muislamu ananiletea kila siku

binti_machame ameandika:

Habari zenu wapendwa, naomba kuuliza na naomba mnijibu kwa upole maana hili jambo linaninyima raha wiki ya pili sasa.

Kwetu ni Machame, nimelelewa KKKT tangu utoto. Novemba nilihamia Tanga kikazi nikapanga chumba na sebule hapa Ngamiani, zile nyumba za korido katikati, uwani tunatumia wote. Wapangaji wenzangu wote ni Waislamu na mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, wote tunamuita Bi Mkubwa, anakaa vyumba vya mbele na wajukuu zake wawili. Kwa kweli sijawahi kuishi na watu wazuri hivi, nilipoumwa malaria Januari ndio walionipeleka hospitali na bajaji usiku wa manane.

Sasa tangu Ramadhani imeanza, kila jioni kama dakika tano hivi kabla ya adhana ya magharibi yule mjukuu mdogo anagonga mlango, "dada, bibi kasema hii yako." Sahani nyeupe ya kaure ina maua ya bluu ukingoni, imefunikwa kawa. Ukifunua ni mihogo ya nazi, siku nyingine magimbi, siku nyingine ndizi mbichi na nyama, pembeni kaimati tatu au kitumbua, na kikombe cha uji wa pilipili manga. Siku ya kwanza nilijua mtoto kakosea mlango. Nikala, nikaosha sahani vizuri, nikairudisha na asante nyingi. Siku ya tatu dada wa chumba cha pili akanivuta pembeni akaniambia taratibu, "mdogo wangu, huku kwetu sahani hairudi tupu."

Basi hapo ndio shida yangu ilipoanzia. Sufuria zangu zote nimekuja nazo kutoka Moshi na nimezipikia kitimoto mara nyingi tu, huku Tanga sijapika hata siku moja lakini sufuria ni zilezile. Hakuna aliyeniuliza. Nikipika machalari yangu, zile ndizi na nyama za kwetu, nikapakua kwenye ile sahani Bi Mkubwa atakula, atakula kwa sababu ananiamini, na nikinyamaza hakuna atakayejua mpaka mwisho wa dunia isipokuwa mimi na Mungu. Hapo ndipo roho inagoma.

La pili ni mama yangu mzazi. Mama ameokoka miaka mingi, nilimsimulia kwenye simu nikiwa na furaha kabisa akanyamaza, halafu akasema "hicho chakula kimesomewa, usile, sema umeshiba." Na mimi mwenyewe niko kwenye mfungo, mwaka huu 2025 Kwaresima na Ramadhani zimeachana siku chache tu, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi wenzangu wakiwa wameshaanza kufunga. Mimi nafunga Jumatano na Ijumaa mpaka jioni, kwa hiyo siku hizo nafungulia sahani ya Bi Mkubwa. Naomba kwanza kisha nakula. Sisikii ubaya wowote ila maneno ya mama yananirudia nikiwa nalala.

Ninyi mnaoishi karibu na watu wa dini nyingine mnakula? Mnarudisha nini? Na habari ya sufuria niseme au nikae kimya?

---

mama_wa_chumbageni amejibu:

Mwanangu karibu sana Tanga, na swaumu yako Mungu aipokee.

Kwanza nikutoe hofu ya kusomewa. Mihogo ya futari haisomewi kitu, mtu anasema bismillahi anatia tui jikoni basi, kama wewe unavyoomba kabla ya kula. Kinachosomwa ni kwenye hitma, yaani kisomo cha kumuombea marehemu, na maulidi, na pale pia anayeombwa ni Mungu. Bi Mkubwa anakuletea kwa sababu tumefundishwa kwamba anayemfuturisha aliyefunga anapata thawabu kama za yule aliyefunga na za mwenzie hazipungui. Pia tumefundishwa ukipika mchuzi ongeza maji umkumbuke jirani, na hapo hawakusema jirani wa dini gani. Pengine hata hajui kama na wewe umefunga, angejua angekuongezea.

Sasa sufuria. Mwambie. Mwanangu usikae kimya hata kidogo. Sisi huku pwani wengi ni madhehebu ya Shafi, kwetu chombo kilichogusa nguruwe kinaoshwa mara saba na mojawapo iwe kwa udongo. Unaweza ukaosha mwenyewe mara saba ukaona yameisha lakini mimi nakushauri mwambie kwanza, maana mwenye kuamua ale au asile ni yeye, usimwamulie.

Nikupe kisa cha nyumbani kwetu, mimi nilikuwa darasa la tatu. Tulipakana na familia ya Iringa, baba alikuwa anafanya kazi reli. Sikukuu moja ya Krismasi mama wa pale akaleta kuku wa kupika mzima mzima kwenye bakuli, ananukia mpaka uwani. Marehemu mama akapokea kwa mikono miwili akauliza kwa sauti ndogo, "kachinja nani?" Akaambiwa kachinja baba fulani. Mama akamshika mkono akamwambia "dada yangu nakupenda lakini huyu siwezi kumla, nikimpokea nikamwaga nitakuwa nimekudanganya." Sisi watoto tumesimama tunalitazama bakuli! Yule mama alirudi nalo, tukajua ujirani umekufa. Krismasi iliyofuata kaja na kuku hai, miguu imefungwa kwa ukili, baba akachinja, wakapika wao, nusu ikaja kwetu. Ikawa hivyo mpaka walipohama. Najua Surat Maida aya ya tano inaruhusu chakula cha Watu wa Kitabu na masheikh wana maelezo yao marefu hapo, mimi nasema tu wazee wetu walivyoishi.

Huku ukisubiri kumwambia, weka kwenye sahani vitu visivyopitia sufuria. Maembe, tende robo, mayai mabichi, nazi mbili, nusu kilo ya sukari. Sukari mwezi huu inakwenda sana kwa uji na kaimati, utaona atakavyofurahi.

---

askari_wa_msalaba amejibu:

Dada mama yako kakuambia ukweli na wewe unatafuta watu wa kukuambia unachotaka kusikia. Leo mihogo kesho utavaa mtandio keshokutwa utaitwa Zainabu. Nuru na giza havikai pamoja. Kula chakula chako.

---

mtoto_wa_ujiji amejibu:

Ndugu yangu hapo juu nakuheshimu kwenye imani lakini ngoja niseme maana hili nimelipitia mwilini mwangu.

Mimi nilizaliwa Muislamu, Ujiji, nimesoma madrasa mpaka juzuu ya tano. Mwaka 2009 nikaokoka. Sitaeleza ilikuwaje, ni hadithi ndefu na si mahali pake. Nilipookoka nilikuwa na moto kweli, na wale walionilea kiroho wakaniambia usile tena chakula cha nyumbani kwenu. Nikatii. Mama alikuwa akinipikia migebuka ya nazi na wali, anaweka kwenye hotpoti anamtuma mdogo wangu mpaka ninakofanya kazi, mimi narudisha hotpoti kama ilivyokuja. Haikuwa siku moja. Ilikuwa miaka miwili. Mama hakuwahi kuniuliza, aliendelea kutuma, halafu siku moja haikuja na keshoye haikuja.

Nikaja kusoma mwenyewe 1 Wakorintho 10, nilikuwa naisoma nusu nusu. Paulo anasema mtu asiyeamini akikualika nawe unataka kwenda, kula kila kinachowekwa mbele yako bila kuuliza kwa ajili ya dhamiri. Anayeambiwa asile ni yule aliyeambiwa wazi kwamba hiki kimetolewa sadaka kwa sanamu. Sasa mihogo ya nazi ya mama yangu ilitolewa kwa sanamu gani? Mama alikuwa hajalala anawaza kama mwanae amekula.

Nilikwenda nyumbani nikapiga magoti. Akaniambia "nenda kanawe," akanipakulia. Tulikaa miaka mitano tunakula pamoja mpaka alipofariki, na kwenye mazishi yake nilisimama nyuma walipomswalia na hakuna aliyenifukuza, baba mdogo alinishika bega. Mpaka leo mimi ni Mkristo na sijatikisika. Lakini ile miaka miwili hakuna mtu anayeweza kunirudishia.

Dada, chakula cha hitma mimi binafsi sili, hiyo ni dhamiri yangu na ndugu zangu wanajua, wananiwekea pembeni kabla ya kusoma. Mipaka ipo. Lakini sahani ya jirani si mpaka. Na mama yako usibishane naye kwenye simu, mwombe Mungu, mwambie "mama nimekusikia," ukienda likizo mkalishe umweleze Bi Mkubwa ni mtu wa namna gani.

---

bucha_katoro amejibu:

Wakuu mimi nina bucha huku Katoro mkoa wa Geita, Mkristo wa AIC, nina miaka 17 kwenye hii kazi. Hili swali la dada ni swali letu sisi wa nyama kila siku asubuhi kwa hiyo niseme kidogo.

Watu wengi wanakula nyama tu hawajui imefikaje. Tangu zamani utaratibu uliozoeleka machinjioni ni kwamba anachinja Muislamu, sio kwa sababu Mkristo hajui kushika kisu, ni kwa sababu akichinja Muislamu tunakula wote na akichinja mwingine kuna mwenzetu anabaki na njaa. Mimi nina ng'ombe wangu, hela yangu, lakini saa kumi alfajiri nikifika namkuta mzee wa kuchinja, namsalimia, anamlaza ng'ombe kuelekea kibla, anasoma anachinja, mimi na vijana tunaanza kuchuna. Hela yake ya kuchinja nampa mkononi. Huo ndio utaratibu nilioukuta kwa baba.

Sasa nyinyi wa mbali mnaweza kuona ni kitu kidogo. Februari 2013 hapa jirani yetu Buseresere ugomvi wa nani achinje ulifika mahali mchungaji akauawa. Nilikuwepo, bucha yangu ilifungwa siku nyingi, nakumbuka nilivyokuwa natembea barabarani nawaangalia wateja wangu wa miaka yote na wao wananiangalia, hakuna anayemsalimia mwenzake. Nyama iliharibika lakini sikuililia nyama. Yule mzee wa kuchinja alikuja nyumbani kwangu usiku, tukakaa kwenye viti nje, hatukuongea dini kabisa, aliniuliza watoto wangu wako salama nikamuuliza wake. Baada ya pale kwangu mimi kuchinja sio jambo la nani ana haki, ni jambo la nani atashindwa kula mezani kwangu.

Kwa hiyo dada hilo linalokusumbua ni zuri sana, usiruhusu mtu akwambie unajisumbua bure. Wanaouza kitimoto huku kwetu wana mabanda yao, visu vyao, magogo yao ya kukatia, hata mizani tofauti. Mteja wangu akiniuliza kisu hiki kimekata nini mimi namjibu ukweli palepale maana siku atakapogundua nilimdanganya atakachokosa sio nyama tu.

---

nesi_wa_sabato amejibu:

Sisi Wasabato nguruwe hatuli kwa hiyo kwangu sufuria haina shida, Waislamu wa wodini kwetu wanakula chakula changu cha mboga na maharage bila kuuliza chochote. Kwetu shida ni siku. Mimi Jumamosi ni Sabato, kuanzia Ijumaa jua likizama. Kuna kaka tunafanya naye kazi, yeye anataka saa za swala ya Ijumaa na siku mbili za Iddi. Miaka minne sasa tunabadilishana shifti, mimi nakaa Ijumaa mchana na Iddi zote, yeye anachukua Jumamosi zangu. Matroni alikuwa haelewi, sasa ratiba akitoa anatuachia wenyewe tupange. Sema ukweli dada, mtu wa dini anaelewa haraka kuliko unavyodhani.

---

ukuta_mmoja_mombasa amejibu:

Hamjambo. Mie ni Mhindi wa Mombasa, hapa nimezaliwa na mamangu hapa kazaliwa, babu zetu walikuja na jahazi kutoka Kutch. Sisi ni wa Swaminarayan, nyumbani hatuli nyama, samaki wala mayai, hata kitunguu maji na thomu hatutumii. Kwa hivyo hebu fikirini jirani akitaka kutuletea chakula ana kazi gani!

Jirani yangu twashiriki ukuta mmoja, ni bibi wa Kiswahili, twamuita Bi. Siku ya Iddi ataka kutuletea kitu. Zamani alikuwa aleta, nami napokea, nawapa wafanyakazi maana sijui karai limepitia nini. Ikaniuma. Nikamwendea nikamwambia Bi, sisi hivi na hivi, hata mafuta yaliyokaangiwa sambusa za nyama kwetu hayafai. Nilikuwa natetemeka, niliona atasema hawa Wahindi wajiona wasafi kuliko watu. Akacheka akasema "kwani mwanangu ulikuwa wanyamaza miaka yote hii kwa nini?" Tangu hapo usiku wa kuamkia Iddi aosha karai, atia mafuta mapya, aanza na kaimati zetu kabla karai halijaonja sambusa. Zetu zatoka za kwanza. Nawasikia ukutani wale wajukuu wadai, naye awaambia "hizi si zenu, za jirani."

Nami nina langu. Divali sisi twapika ladu, barfi, chevda, ganthia, yote twaweka kwanza mbele ya Mungu nyumbani kisha ndiyo twagawa, ile yaitwa prasad, na kumpa mtu prasad ni heshima kubwa sana kwetu. Mwaka mmoja nikampelekea Bi nikamweleza kwa furaha hii imeshabarikiwa. Akaishika sinia akanitazama, akasema mwanangu kilichowekwa mbele ya masanamu mie siwezi kukila, niwie radhi. Sitadanganya, usiku ule nililia. Mume wangu akaniambia yeye akutolea kaimati kabla ya sambusa, wewe washindwa kumtolea ladu kabla ya puja, ile ibada yetu? Basi siku hizi nikimaliza kupika tu, kabla sijapeleka chochote mbele, sinia ya Bi ishatoka mlangoni.

Kwa hivyo mwambie dadangu. Haitakuwa rahisi dakika ile ya kwanza.

---

trela_na_barabara amejibu:

Wasalimie wote. Mimi ni dereva wa trela, Mombasa mpaka Malaba na mara zingine Kampala, Mkatoliki wa Kakamega. Hizi story zenu zimenifanya nisimamishe gari nisome.

Kuna mahali nataka niwaambie kama hamjui. Ukitoka Mombasa upite Voi, Mtito, Kibwezi, unafika Makindu, hapo kuna hekalu la Masingasinga lilijengwa 1926 na wale waliokuwa wanafanya kazi kwa reli. Mtu yeyote anasimama anakula bure, usiku na mchana madereva tunalijua. Unavua viatu, kichwa unafunika kitambaa, sigara na pombe unaacha kwa gari, nyama hakuna. Ni dengu, chapati, mchele na chai. Hakuna mtu anakuuliza kanisa lako ni gani. Unakula, ukitaka kuacha sadaka unaacha, usipotaka unaenda.

Mwaka jana Ramadhani tanboi wangu ni Mdigo wa Kwale, alikuwa amefunga na jua la Voi unalijua lilivyo. Tukafika Makindu jua ndio linaingia. Akatoa tende yake kwa mfuko, akanawa, akanywa maji, akaswali kando ya trela nimemwekea katoni chini kwa sababu mawe yalikuwa moto bado. Halafu tukaingia tukakaa chini mstari mmoja, mzee mmoja wa kilemba anapita na ndoo ya dengu anatupakulia. Nilimwangalia yule kijana anavyokula. Mkatoliki, Muislamu na Singasinga na dengu ni moja, mimi nilipiga ishara ya msalaba kimya kimya nikala.

Sahani pale hairudi na kitu, dada, wao hawataki chochote kirudi. Lakini tangu siku hiyo mimi nikipita bila haraka nashusha gunia moja la vitunguu ama viazi kutoka kwa soko.

---

niko_maskati amejibu:

Dada mimi niko upande wa pili wa swali lako, mimi ndiye Mkristo pekee ndani ya nyumba. Nafanya kazi za ndani Muscat mwaka wa sita, kwetu Mbinga.

Nyumba ya kwanza niliyofanya kazi Biblia yangu ilikuwa chini ya godoro, niliambiwa nisiitoe. Nilikuwa nasoma chooni. Hiyo ilipita.

Nyumba niliyopo bibi mwenye nyumba alizaliwa Unguja, aliondoka msichana mdogo baada ya 1964, Kiswahili chake ni cha kwenye vitabu, kizuri mno. Ramadhani hapa mchana hakuna kula hadharani, ni sheria, na mimi kazi ni nyingi kwa sababu ya futari. Ramadhani ya kwanza nilikuwa najificha nakula mkate stoo, siku moja akafungua mlango akanikuta mdomo umejaa. Nilitaka ardhi inimeze. Akaniuliza "unajificha nani? Mimi au Mungu?" Akaniwekea kiti na meza ndogo mle stoo, akamwambia mkwewe mchana nikiingia mle nisiitwe.

Kanisa tunakwenda Ijumaa, maana wikiendi ya hapa ni Ijumaa na Jumamosi. Pale Ruwi kuna eneo moja lina makanisa, Wahindi, Wafilipino, Waafrika kila mtu na saa yake. Ijumaa yule bibi anakwenda kusikiliza hotuba kwenye redio mimi natoka na gauni langu, ananiambia "niombee miguu." Miguu yake inauma. Namuombea kweli, kwa jina, kila Ijumaa.

Mwambie Bi Mkubwa wako. Na uji wa pilipili manga kunywa, mimi huku naota uji wa nyumbani.

---

binti_machame ameandika:

Jamani nimewasoma wote, mtoto wa Ujiji umeniliza ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kuna msiba.

Jana nilinunua nusu kilo ya sukari na nazi mbili kama mama wa Chumbageni alivyosema, nikaweka kwenye sahani, nikafunika na ile kawa nikaenda mwenyewe, sikumtuma mtoto. Nilimkuta uwani kakalia mbuzi anakuna nazi. Nikamwamkia, nikachuchumaa pale pembeni, nikaanza kueleza, maneno hayatoki vizuri, nikasema "Bi Mkubwa sufuria zangu zimepikiwa kitu ambacho nyinyi hamli, ndio maana sijawahi kukuletea chakula nilichopika, nisamehe." Nguruwe sikuweza kutaja.

Hakuacha kukuna. Alikuna ile nazi mpaka kifuu kikabaki cheupe, mimi moyo unaenda mbio. Halafu akapangusa mikono kwenye kanga akasema, "Nilikuwa najua, wewe si wa Moshi? Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Akamuita mjukuu, "niletee ile sufuria ya mkono mmoja na mwiko." Akanipa. Akasema hii ni yangu, kaa nayo chumbani kwako, ukitaka kunipikia cha kwenu pikia humu, zako zipikie vyako. Nikamwambia na mimi nafunga, Jumatano na Ijumaa. Akanitazama hivi, akasema "na ulikuwa unakula peke yako huko ndani?"

Leo Ijumaa nimekalia mkeka nao. Adhana imelia, wao wakatia tende mdomoni, mimi nikafumba macho nikaomba kidogo, nilipofumbua nikakuta hawajaanza kula chakula, wananisubiri nimalize.

Mama nimemwambia. Hakusema sawa na hakusema hapana, alisema ananiombea, nami nikasema amina mama, naomba uendelee kuniombea.

Sasa Jumapili nikitoka kanisani nataka kumpikia machalari kwenye ile sufuria yake, nyama nitanunua bucha ya hapa mtaani, anayechinja wanamjua. Shida ni ndizi, nimezunguka soko la Mgandini naona bokoboko na za kuiva tu. Mwenye kujua ndizi mshare zinapatikana wapi hapa Tanga aniambie kabla ya kesho jioni.